Homa Baada ya Kupandikizwa Figo: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ukijumlisha na wale waliopandikizwa India, leo tuna ndugu wengi mitaani wanaoishi na figo waliyopewa. Maswali haya ni yao na ya familia zao. Majibu mengine nimeyarudia makusudi, kwa sababu bado tunawapokea wagonjwa waliokaa na homa nyumbani wiki nzima, na figo imeshaumia.

Kinga ya mwili ni nini, na kwa nini inaishambulia figo niliyopewa?

Ni mfumo unaotambua kisicho chako na kukiangamiza. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo chembe T. Chembe hizo hazijui kwamba figo imekuja kukuokoa. Zinaona alama za mtu mwingine, zinaanza vita. Ndiyo maana kila siku unameza takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni: dawa hizi huzipunguza nguvu.

Tatizo ni kwamba chembe T hizo hizo ndizo zinazovidhibiti virusi. Hakuna dawa inayoweza kuziamuru ziiache figo na ziendelee kupambana na virusi. Zikitulizwa kwa ajili ya figo, zimetulia kwa virusi pia.

Figo nimepewa na dada yangu wa tumbo moja. Bado nahitaji dawa hizi?

Ndiyo, maisha yote ya figo hiyo. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa duniani, Boston, Marekani, Desemba 1954, ulikuwa kati ya Ronald na Richard Herrick, ambao walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Mwili wa Richard haukuona ugeni wowote kwenye figo ya pacha wake. Wewe na dada yako mmefanana kiasi cha kutosha kufanya upandikizaji, si kiasi cha kuacha dawa. Hapa kwetu figo hutolewa na ndugu aliye hai, na kila mara nasikia sentensi hii: "Ni damu yangu, haiwezi kunikataa." Inaweza.

Virusi vinatoka wapi? Mimi sitoki nyumbani.

Vingi unavyo tayari. Virusi vya jamii ya tetekuwanga na vya CMV, yaani sitomegalovirusi, vikishaingia mwilini havitoki. Watu wazima wengi Afrika waliambukizwa CMV utotoni, wakapata mafua au hawakuhisi kitu, kisha kirusi kikalala. Chembe T ndizo zilizokuwa zikikilaza. Vingine vinaweza kuja ndani ya figo yenyewe, ndiyo maana wewe na ndugu aliyekupa figo mlipimwa damu kabla ya upasuaji.

Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji tunaogopa zaidi kidonda na mipira ya mkojo. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita hivi, dawa zikiwa kwenye dozi za juu, ndipo virusi huchukua nafasi. Na ukitibiwa baadaye kwa figo kukataliwa, kwa dawa kali za mshipani, hesabu ya hatari inaanza upya, hata kama umetimiza miaka mitano.

CMV hufanya nini?

Homa, uchovu wa ajabu, kuharisha, maumivu ya tumbo, na chembe nyeupe kushuka. Huweza kuingia kwenye utumbo, ini na mapafu. Pia huongeza uwezekano wa figo kukataliwa. Kinga yake ni vidonge vya valgansiklovia, ambavyo kwa kawaida hutolewa miezi 3 hadi 6 kulingana na majibu yako na ya aliyekupa figo. Dozi hupangwa kwa kuangalia utendaji wa figo, na vidonge hivi vyenyewe huweza kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo kipimo cha damu hakirukwi.

Ni dawa ghali, tunajua. Bei ikikushinda, sema kliniki kabla vidonge havijaisha. Usimeze kwa kurukaruka siku ili vifike mwisho wa mwezi. Na ukishamaliza dozi usijione umevuka: wengi wanaougua CMV huugua katika miezi inayofuata baada ya kuacha vidonge hivyo.

Nina homa lakini najua ni malaria au taifodi. Naweza kuanza dawa ya mseto nyumbani?

Hapana. Joto likifika nyuzi 38, unakuja hospitali siku hiyo hiyo.

Nisikilize vizuri hapa. Inaweza kuwa malaria kweli, na tutakupima malaria. Lakini kukuta malaria hakuthibitishi kwamba hakuna kitu kingine, na kwa mtu aliyepandikizwa huenda kikawepo kitu kingine. Kipimo cha Widal cha taifodi ndicho kinachopotosha zaidi: kinaweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Mgonjwa anapewa sindano za siku saba kwa karatasi hiyo, na kirusi kinaendelea kuzaliana bila kuguswa.

Nimemeza parasetamoli na homa imeshuka. Bado nije?

Ndiyo, uje. Parasetamoli imeshusha joto, haijagusa kilicholeta joto. Hili ndilo linalotupotezea figo: homa inashuka asubuhi, familia inafurahi, jioni inarudi, wanampa tena, asubuhi inashuka. Siku ya sita mgonjwa analetwa amelegea, anaharisha, kreatinini, yaani taka ya damu inayopanda figo ikishindwa kazi, imepanda. Siku ya kwanza tungemchukua damu, tungepima wingi wa virusi, tungeanza matibabu mapema. Homa iliyoshuka kwa dawa bado ni homa. Njoo.

Joto ni 37.6 tu, ila najisikia vibaya sana.

Njoo pia. Prednisoloni huweza kuficha homa, na kwa kinga iliyoshushwa mwili haupandishi joto kama zamani. Kuna waliofika na nimonia wakiwa na joto la kawaida. Kwako wewe, udhaifu usioelezeka, kukosa pumzi, kuharisha kunakopita siku moja, malengelenge ya ngozi, mkojo kupungua, au maumivu pale figo ilipowekwa vina uzito sawa na homa. Nunua kipimajoto. Kupima kwa kiganja kwenye paji la uso si kipimo.

Kwa kuwa kinga yangu iko chini, nitumie mlonge, vitunguu saumu vya kusaga au dawa za kuongeza kinga?

Ndugu yangu, kinga yako iko chini kwa sababu sisi tumeishusha, na tumeishusha ili figo ibaki hai. Unga unaouzwa kwenye makopo kwamba "unapandisha kinga" una njia mbili tu: ama haufanyi kitu na unakula hela yako, ama una vitu vinavyogongana na takrolimasi na kuleta balaa. Mlonge ukiliwa kama mboga mezani na vitunguu saumu kwenye mchuzi sina ugomvi navyo. Ninachokataa ni vikombe vya dawa asubuhi na jioni, na mitishamba ambayo hata anayeuza hataki kusema ina nini. Balungi pia liache, maana hupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu.

Lipo kosa kubwa kuliko hilo: mgonjwa akipata homa anaacha mwenyewe dawa za kushusha kinga "ili mwili upate nguvu ya kupigana". Tafadhali, usifanye hivyo. Wakati mwingine daktari hupunguza dawa hizo kwa muda ili virusi vidhibitiwe, lakini anafanya hivyo akiwa na kipimo cha damu mkononi, anajua apunguze ipi, kiasi gani na hadi lini. Wewe ukiacha unakisia, na gharama ya kukisia ni kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki.

Jirani yangu wa kliniki amepunguziwa dawa kwa sababu ya kirusi cha BK. Sina dalili yoyote, kwa nini napimwa?

Kwa sababu BK haina homa wala maumivu. Ni kirusi kilicholala kwenye njia ya mkojo kwa watu wengi, na kinga ikishuka hujaa kwenye figo mpya na kuiharibu kimyakimya. Dalili pekee huweza kuwa kreatinini inayopanda polepole. Hatuna dawa inayokiua moja kwa moja. Tiba kuu ni kupunguza dawa za kushusha kinga kwa hesabu. Kwa hiyo kinakamatwa kwa kipimo cha damu, na kipimo hakifanyiki kama hukuja. Anayeruka kliniki kwa sababu "najisikia mzima" ndiye tunayemwogopea. Na dozi ya jirani ni ya jirani.

Dawa gani za dukani ni hatari?

Diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi hadi kiwango cha sumu. Rifampisini, ya kifua kikuu, huishusha mno, na figo ikabaki bila ulinzi. Hata kuharisha kwenyewe hupandisha kiwango cha takrolimasi, hivyo kuharisha si jambo la kumalizia kwa ORS na kulala. Muuzaji wa duka hajui historia yako. Ukimwambia "homa na mwili kuuma" atakupa anachompa kila mtu.

Mtoto nyumbani ana tetekuwanga. Je, chanjo?

Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, hata kama wewe bado huna kipele. Kuna dawa za kukukinga, na zinafaa zikitolewa mapema. Ukisubiri malengelenge yatokee, umechelewa.

Chanjo zenye virusi hai, kama za surua, homa ya manjano na tetekuwanga, hazitolewi kwako baada ya upandikizaji. Zile ulizostahili, pamoja na ya homa ya ini B, zinatakiwa kutimizwa kabla ya upasuaji; anayejiandaa sasa aulize leo. Watoto wa nyumbani wapewe chanjo zao zote. Mtoto akishapewa matone ya polio, mtu mwingine ambadilishe nepi kwa wiki kadhaa, na wewe nawa mikono.

Naishi mbali, na homa imenishika usiku. Zahanati ya karibu hawajui mambo ya upandikizaji.

Nenda hapo hapo, usisubiri basi la asubuhi ukiwa unatetemeka. Neno la kwanza mlangoni liwe: "Nimepandikizwa figo, natumia dawa za kushusha kinga." Mpe mhudumu kadi yako ya kliniki yenye orodha ya dawa na namba ya simu ya kitengo chetu, umwombe apige mbele yako. Wakupime malaria, wakuanzishie huduma ya dharura, wakuandikie rufaa. Kabla ya kupewa sindano au kidonge chochote kipya, aulize kitengo kwanza, isipokuwa hali yako ni ya kufa na kupona. Dawa zako za usiku zimeze kwa saa yake kama hutapiki. Ukitapika, taja ulitapika dakika ngapi baada ya kumeza, nasi tutakuambia kama urudie. Chukua vidonge vyote kwenye mfuko, vya wiki moja au zaidi, maana hospitali utakayolazwa huenda haina takrolimasi.