Kifaa nyuma ya ukuta-moto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Data ya mita haifiki kwenye wingu, tufungulieni poti." Kwa kauli hii mafundi wa vihisi na watu wa TEHAMA hugombana bure. Poti ni mlango wenye namba, ambao ukuta-moto, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, huufungua au kuufunga.

Dhana: wingu linahitaji njia ya kuingia kwenye mtandao wetu.

Halihitaji. Kifaa chenyewe huanzisha muunganisho kwenda nje, na amri za kutoka kwenye wingu hurudi kwa njia hiyohiyo. MQTT, itifaki nyepesi ya kupeleka data ya vifaa, iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, hufanya kazi hivyo. Kufungua poti kuelekea ndani ni kukaribisha balaa: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi, ikijaribu tu nywila za kiwandani kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali.

Dhana: poti 8883, ile ya kawaida ya MQTT iliyosimbwa, ikizuiwa, MQTT haiwezekani.

Inapita poti 443, ile ya tovuti salama, ndani ya WebSocket, yaani muunganisho wa wavuti unaobaki wazi. AWS IoT Core na Azure IoT Hub, huduma za wingu za Amazon na Microsoft za kuunganisha vifaa, zote zinaikubali.

Dhana: 443 ikiwa wazi, kazi imekwisha.

Hapa ndipo wengi hukwama. Proksi za maofisini, yaani seva zinazopitisha mawasiliano kati ya ofisi na intaneti, mara nyingi hufungua mawasiliano yaliyosimbwa, huyakagua, kisha huyafunga upya kwa cheti chao, yaani kitambulisho cha kidijitali. Kifaa kinachojitambulisha kwa cheti chake kitakataliwa, kwa sababu proksi haina ufunguo wake wa siri. Omba seva ya wingu iondolewe kwenye ukaguzi, na uitaje kwa jina. Anwani za IP hubadilika.

Kuna na saa, ambayo ni nadra mtu kuikumbuka. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, ikikaa stoo miezi mitatu kisha ikawashwa, huendelea na wakati wa mwisho uliohifadhiwa kwenye kadi. Seva ikiwa imepata cheti kipya katika kipindi hicho, kifaa kitakiona hakijaanza kutumika na kukikataa. Mtu ataulaumu mtandao siku nzima. Na kweli mtandao unahusika, ila kwa poti ya UDP 123 iliyofungwa, ambayo NTP, itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni, huitumia kurekebisha saa. Kama sera hairuhusu kuifungua, omba anwani ya seva ya NTP ya ndani.

Dhana: kikishaunganishwa, kitabaki hewani.

Muunganisho ulio kimya husahauliwa njiani. NAT Gateway ya AWS (lango la kutokea kwenye intaneti), kwa mfano, huukata baada ya sekunde 350. Weka keepalive ya MQTT, yaani muda kati ya ishara za "bado nipo", chini ya kikomo cha mtandao wako, na uwaulize watu wa TEHAMA kikomo hicho kabla ya kufunga kifaa cha kwanza.