Mtoto Anayelia Mifupa Huku Bandama Imevimba: Si Kila Mara Selimundu

Kila inapokaribia siku ya mwisho ya Februari, ambayo ni Siku ya Magonjwa Adimu Duniani, huongezeka wazazi wanaouliza kwa nini mtoto analia mifupa ilhali kipimo cha selimundu hakikuonyesha tatizo. Mara nyingi sababu ni ya kawaida, lakini wachache huwa na ugonjwa wa Gaucher.

Katika ugonjwa huu kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta hupungua, na mafuta hayo hurundikana kwenye bandama, ini na uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Uboho ukisongwa, mfupa hukosa damu, na mtoto hushikwa ghafla na maumivu makali ya paja au nyonga, pamoja na homa na uvimbe, kiasi cha kudhaniwa kuwa ana usaha ndani ya mfupa, ilhali sampuli ikioteshwa maabara haioti kimelea chochote. Hali hii haifanani na maumivu ya ukuaji, ambayo huja jioni au usiku katika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anacheza.

Mtoto huyu hakurogwa, na bandama haitibiwi kwa chale. Chembe sahani zake, zinazosaidia damu kuganda, huwa pungufu, hivyo jeraha la wembe laweza kuvuja damu kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyohiyo asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila idhini ya daktari.

Mzazi aanzie kituo cha karibu, aombe barua ya rufaa inayotaja ukubwa wa bandama kwa sentimita na majibu ya hesabu kamili ya damu, kisha aje hospitali ya rufaa na picha zote za eksirei, hata zilizokunjika. Matone ya damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, yakaachwa yakauke bila kuanikwa juani, ndipo yakapelekwa kupimwa kimeng'enya.

Tiba ya kimeng'enya mbadala, inayotolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, ni ghali mno. Hupunguza bandama na maumivu, ila haifufui mfupa uliokwisha kufa. Kasoro hurithiwa kwa baba na mama, nao wenyewe wakiwa wazima, kwa hiyo mama asibebeshwe lawama peke yake. Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu, hivyo ndugu zake wote wapimwe, hata wasiolalamika.