Saa 40 si bei: soma kabla hujailipa shule ya helikopta

Swali limekuja tena, na safari hii limefungashwa na hesabu kabisa: "Kapteni, nimepata shule ya dola 320 kwa saa. Leseni ni saa 40. Kwa hiyo naandaa dola 12,800, si ndiyo?" Hapana, siyo. Nimelijibu hili kwa simu, kwa ujumbe na nikiwa nimeinama chini ya helikopta nakagua mikanda. Leo naliandika ili kesho nitume kiungo tu.

Hiyo 40 ni kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni binafsi ya helikopta. Ulaya wanadai 45. Marekani ni 40, au 35 kwa shule yenye mtaala ulioidhinishwa. Maana yake ni kwamba chini ya hapo mtahini haruhusiwi hata kukutazama. Hakuna aliyeahidi kwamba ukifikisha 40 utakuwa umeiva. Wengi huvuka 60, na anayekuja Jumamosi moja moja huvuka zaidi, kwa sababu nusu saa ya kwanza ya kila somo inaishia kukumbushana kuelea, yaani kusimama hewani mahali pamoja. Shule inayokuandikia bajeti ya saa 40 kamili bila nyota wala maelezo ama haijui kazi yake, ama inaijua vizuri sana.

Sasa hapa ndipo damu yangu huchemka: hiyo "saa" yenyewe ni saa ipi?

R22, helikopta ndogo ya Robinson ya watu wawili inayofundishiwa, haiwashwi ikaondoka kama bodaboda. Unawasha injini, unabonyeza swichi ya klachi, mikanda inakazwa taratibu, rota inaanza kuzunguka, unasubiri taa ya klachi izimike. Halafu injini ipate joto, ukague magneto (zinazotoa cheche za injini), gavana (inayoshikilia mizunguko), na king'ora kinacholia mizunguko ya rota ikishuka mno. Ukirudi unaiacha ipoe kabla ya kuzima. Mwanafunzi mpya akimaliza yote hayo kwa dakika 10, jumla ya kuondoka na kurudi, amejitahidi. Kwenye uwanja wenye foleni kama Wilson wa Nairobi, ongeza za kusubiri ruhusa ya mnara.

Kuna shule ambazo mita yao huanza kuhesabu presha ya oili ikipanda, yaani mara injini inapowaka. Nyingine mita yao huhesabu kolektivu (wenzo wa kuinua na kushusha helikopta) ikiwa imeinuliwa tu, yaani ukiwa hewani. Chukua safari 60, kila moja ya saa nzima angani. Shule ya kwanza, kwa dola 320, inakutoza saa 70: dola 22,400. Ya pili, kwa dola 350, inakutoza saa 60: dola 21,000. Ile "ghali" imekuwa rahisi kwa dola 1,400, na hujapoteza hata dakika moja ya mafunzo. Swali ni moja tu, "mita yenu inawashwa na nini?", na sijui kwa nini watu wanaona haya kuliuliza. Ukinunua nyama unatazama mizani.

Na si hela tu. ICAO huhesabu muda wa kuruka wa helikopta tangu mapanga ya rota yanapoanza kuzunguka hadi yatakaposimama mwisho wa safari. Marekani huhesabu tangu chombo kinapoanza kusogea kwa nguvu yake kwa nia ya kuruka. Kwa hiyo zile dakika za kupasha injini moto zinaweza kuingia kwenye logibuku, daftari lako la saa za kuruka, chini ya mfumo mmoja na zisiingie chini ya mwingine, hata kama umezilipia. Uliza shule wanaandikaje, kisha uliza mamlaka ya nchi utakayofanyia kazi wanazitambuaje. Mwanafunzi mwenye saa 151 kwenye logibuku, wakati leseni ya biashara inataka 150, hana nafasi ya kubishana juu ya dakika.

Jambo la pili ambalo hakuna aniulizaye: una kilo ngapi? Si za kitambulisho. Za leo, na viatu, na simu mfukoni.

R22 Beta II mwisho wake kuondoka ni kilo 622. Tupu ina karibu 400. Namba kamili iko kwenye karatasi ya uzito ya helikopta yenyewe, usiitafute kwenye kipeperushi. Zinabaki kama 222 za watu na mafuta. Mwanafunzi wa 88 na mwalimu wa 80, zinabaki 54, raha mustarehe. Mwanafunzi wa 104 na mwalimu wa 92, zinabaki 26. Petroli ya ndege ina kama kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo hizo ni lita 36. R22 inakunywa kama lita 33 kwa saa. Toa akiba ya dakika 20, somo lako limekuwa dakika 45, na 10 kati ya hizo uko chini unasubiri taa ya klachi. Tena kila kiti kina kikomo chake cha kilo 109, pamoja na chochote kilichosukumwa kwenye kisanduku chini yake. Mtu mnene hafai kukasirika hapa. Fizikia haina adabu. Ama atafute shule yenye mwalimu mwembamba, ama ahamie R44, dada yake mkubwa, na alipe zaidi sana kwa saa, ama apunguze. Shule isiyokupandisha kwenye mizani kabla ya somo la majaribio imeshakuambia inavyofanya mambo mengine.

Hesabu hiyo ni ya uzito tu. Hewa nayo ina hesabu yake. Wilson iko futi 5,500 na ushee juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26 hewa ni nyepesi, na rota inahisi kana kwamba iko futi 8,000. Injini isiyo na tabochaja ya kuisukumia hewa, ukifungua throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) yote, haipati zaidi ya inchi 24 hivi za presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia ndani yake, kwa sababu hewa yenyewe nje haina zaidi ya hapo. Kwenye kitabu cha helikopta kuna grafu mbili, moja ya kuelea karibu na ardhi na nyingine ya kuelea mbali nayo. Mwombe mwalimu azifungue mbele yako kwa uzito wenu wawili na joto la siku hiyo. Akikosa kitabu, au akakuambia "tumezoea", umepata jibu.

Kwa hiyo, kujifunza pwani au nyanda za juu? Anayejifunza usawa wa bahari hupata nguvu za kuchezea, mwinuko wa kwanza unakwenda laini, anamaliza mapema. Kisha anakuja Nairobi, anavuta kolektivu kama alivyozoea, king'ora kinalia, na hajui kwamba dawa ni kuishusha kidogo na kuongeza throto, ilhali mkono wake wote unataka kuvuta zaidi. Anayejifunza juu hujifunza kubana nguvu tangu siku ya kwanza, ila mazoezi mengine anayaonja kwa kijiko. Mimi naegemea nyanda za juu kwa atakayefanya kazi huku kwetu, lakini sitajifanya kuwa suala limekwisha. Walimu wazuri tu wananipinga, na hoja zao si za kitoto.

Idadi ya helikopta: chini ya mbili, tafakari mara mbili. Kila saa 100 kuna ukaguzi, na ikiwa kipuri kimekwama forodhani, somo lako nalo limekwama. Robinson hufikia ovaholi, yaani kufumuliwa na kutengenezwa upya, kwa saa 2,200 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Tazama logi. Ukikuta pekee waliyo nayo ina saa 2,150, uliza nyingine inatoka wapi, kwa sababu zilizobaki ni 50 na si zako peke yako.

Mwalimu. Sheria ya Marekani, tangu 1995, haimruhusu mwanafunzi kuruka R22 peke yake kabla ya kufundishwa saa 20 ndani ya R22, na inamtaka anayefundisha humo awe na saa 200 za helikopta, 50 zikiwa za R22. Ulimwengu mzima haufungwi na sheria hiyo, lakini ni kipimo kizuri cha kushika mkononi. Rota ya R22 ni nyepesi. Injini ikizima huna hata sekunde mbili za kushangaa; lazima uwe umeshaishusha kolektivu. Shule inayojigamba "kwetu unaruka peke yako saa ya 10" ndani ya chombo hicho, mimi nisingempeleka hata jirani ninayegombana naye.

Hapo linakuja suala la otorotesheni, yaani kushuka bila nguvu ya injini huku hewa ikizungusha rota, na hapa nakiri nayumba. Shule nyingi hurudisha nguvu ya injini futi chache juu ya ardhi, hawagusi chini. Chache hushuka hadi kugusa. Zamani nilisema bila kusita kwamba asiyegusa hajajifunza. Lakini mazoezi ya kugusa yamevunja skidi (miguu ya helikopta) na mikia mingi sana, na kinachokuua injini ikizima ni kule kuchelewa kushusha kolektivu na kukosa mwendo, zaidi ya zile futi tano za mwisho. Na bado, mwanafunzi ambaye hajawahi kuzihisi futi tano hizo… sijui. Uliza shule inafanya nini na kwa nini. "Kwa nini" ndiyo yenye uzito.

Malipo ya mbele: usilipe yote. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada, iliyokuwa na matawi mengi Marekani, ilifunga milango ghafla. Wanafunzi wengi walikuwa wamechukua mikopo ya karibu dola 70,000, na pesa zilikuwa zimeshaingia shuleni kabla ya saa kurushwa. Shule ikafa, deni likabaki kwa mwanafunzi. Lipa kwa mafungu ya saa 5 au 10. Ukipewa punguzo la asilimia 15 ili umwage zote leo, jiulize kwa nini wanazihitaji leo.

Wanaokwenda Marekani kwa hesabu ya "nitasoma, nifundishe pale, nirudishe pesa", angalieni viza kwanza. M-1, ambayo ndiyo wengi hupewa kwa shule za urubani, haikuruhusu kufanya kazi ukiwa unasoma, na mafunzo ya vitendo baada ya hapo hayazidi miezi 6. Mgeni anahitaji pia kibali cha TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, kabla ya kuanza kuruka. Ukirudi, leseni ya kule haigeuki ya huku kwa kupigwa muhuri tu: kuna mtihani wa sheria za anga, wa kuruka, na cheti cha afya. Andikia KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) au TCAA (ya Tanzania) kabla hujaondoka na upate jibu la maandishi.

Kuhusu kuanzia kwenye helikopta ya injini ya tabini (ya aina ya jeti) kwa sababu "ndizo za kazini": hapana. Ni bei mara kadhaa kujifunza kuelea, na kuelea ni kulekule.

La mwisho ni aina ya chombo. Cabri G2 ya Kifaransa ina mapanga matatu, rota ya mkia imefichwa ndani ya duara, na rota kubwa inazunguka kinyume na ya Robinson. Ukiongeza nguvu kwenye Robinson unakanyaga kushoto; kwenye Cabri, kulia. Zote mbili zinafundisha vizuri. Kuchanganya ndiko kunakosumbua, kwa hiyo usikubali shule ikuhamishe Jumanne huku, Alhamisi kule, eti nyingine iko gereji, kabla miguu yako haijaacha kufikiri.