Mnara wa Whitehall hauna maiti ndani

Ule ujumbe wa kwenye magrupu, kwamba ndani ya mnara wa mawe wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, ulio barabara ya Whitehall, London, amezikwa askari asiyejulikana (askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambaye jina lake halikutambulika), si kweli. Mnara ni mtupu. Jina lenyewe lasema hivyo: cenotaph kwa Kiingereza, cénotaphe kwa Kifaransa, cenotafio kwa Kihispania, yote kutoka Kigiriki, yaani kaburi tupu. Askari huyo amelazwa katika kanisa la Westminster Abbey, chini ya jiwe jeusi la marumaru lililo sakafuni, lenye maandishi, ukifika utalisoma.

Kuchanganya ni rahisi. Juu ya mnara pamechongwa umbo la jeneza, na ulizinduliwa tarehe 11 Novemba 1920, asubuhi ileile jeneza la askari huyo lilipopitishwa hapo likienda kuzikwa. Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze.