"Shade" na "shadow": maneno mawili ndani ya kivuli kimoja

Mwenye shamba mmoja wa Kibosho, anayepokea wageni wanaotaka kuona kahawa tangu inapochumwa hadi inapokaangwa, aliniletea maandishi ya bango lake niyapitie kabla hayajapelekwa kuchapishwa. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba kahawa yake hukua katika "shadow" ya migomba na miti ya miringaringa. Tahajia ilikuwa sahihi na sarufi haikuwa na kasoro, lakini msomaji Mwingereza angehisi kwamba shamba hilo limetandwa na jambo zito lisilotajwa. Nilikata neno hilo nikaandika "shade", naye akaniuliza swali ambalo waongoza watalii ninaowafundisha hapa Moshi huniuliza kila muhula: "Mwalimu, si vyote ni kivuli?"

Ni kivuli vyote, na ugumu wenyewe unaanzia hapo.

"Shade" ni mahali. Ni sehemu ambayo jua limezuiwa, nawe unaweza kuingia, kuketi, kuegesha gari au kuanika mbegu zisizotaka jua kali. Haina umbo unaloweza kulichora, na kwa maana hii haihesabiki. "Shadow" ni umbo: ni weusi unaotupwa ardhini au ukutani na kitu fulani, wenye kingo na wenye mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuhesabu viwili, vitatu au kumi. Nilimtoa mzee yule mwenye shamba nje, tukasimama kihambani, yaani katika shamba lake la nyumbani, saa nane mchana. Nilimwonyesha jani moja la mgomba lililochanwa na upepo, na chini yake weusi wenye michirizi uliokuwa ukichezacheza juu ya udongo kila jani lilipotikisika. Huo ni "shadow". Kisha tukasogea palipo na mibuni, ambapo majani ya migomba na ya mringaringa yameungana juu hata huwezi kusema weusi upi ni wa jani lipi, na udongo ni wa baridi ukiugusa. Hapo tumeingia kwenye "shade". Mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako huota chini ya miti mikubwa, na kinachoufaa ni hifadhi hiyo dhidi ya jua kali, wala haujali umbo la jani lililoileta.

Mlima wetu, Kilimanjaro, unafundisha upande wa pili kuliko kitabu chochote ninachotumia. Anayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kukiwa kunapambazuka na anga likiwa safi, akigeukia magharibi ulipo mlima Meru huona pembetatu kubwa nyeusi iliyolala juu ya mawingu. Hiyo ni "shadow" na haiwezi kuwa kitu kingine, kwa sababu ina kingo na mwenyewe anajulikana. Kwa hoja hiyohiyo wanajiografia wa Kiingereza wametumia "shadow" kwa kile tunachokiita kivuli cha mvua: mitelemko ya kusini, yaani Marangu, Kibosho na Machame, hupata mvua nyingi, na upande wa kaskazini ukabaki mkavu zaidi, kana kwamba mlima umeutupia ukavu kama unavyotupa weusi.

Kwa asili maneno haya ni neno moja. Katika Kiingereza cha kale "sceadu" lilibadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Umbo moja likazaa "shade" na jingine, "sceadwe", likazaa "shadow". Nasi tuna jozi yetu, kivuli na uvuli, kutoka mzizi unaosikika pia katika mwavuli, na kwa muda mrefu niliwafundisha wanafunzi kwamba uvuli ndio "shade" na kivuli ndicho "shadow". Niliacha nilipolinganisha Zaburi. Biblia yetu ya Union Version inasema "uvuli wa mauti" katika Zaburi ya 23 mahali ambapo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "shadow", na katika Zaburi ya 121 Bwana ni uvuli, ambapo Kiingereza kina "shade". Kiambishi hakitoshi, basi. Ni lazima mfasiri ajiulize kama anazungumzia mahali pa kukaa au umbo la mwenyewe.

Maana za kitamathali hufuata njia hizo. Rangi iliyokolea zaidi au kupauka zaidi huitwa "shade" (na hapa neno linahesabika), na miwani ya jua watu huiita "shades". Waziri kivuli ni "shadow", kwa kuwa humfuata waziri fulani. Na mtu aliyefunikwa na sifa za mwenzake husemwa kwamba anaishi katika "shadow" yake, kama Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,149, kinavyosahauliwa kwa ajili ya Kibo, kilele kirefu zaidi.

Mzee alikuwa na sentensi nyingine, iliyosema kwamba shamba lake liko katika "shade" ya Kilimanjaro. Safari hii nilibadilisha kinyume, kwa sababu aliye karibu na kitu kikubwa kilichosimama juu yake Kiingereza humweka katika "shadow", hata kama jua linamwakia kutwa nzima. Bango limepelekwa kuchapishwa likiwa na maneno yote mawili, moja katika mstari wa kwanza na jingine katika mstari wa tatu.