Mzigo wa marejesho ya mkopo wa elimu ni nini hasa?

Mtu akisema bado analipa mkopo wa chuo, swali la kwanza analoulizwa huwa ni "unadaiwa kiasi gani?" Swali hilo halitoshi. Kuna anayedaiwa dola 40,000 na maisha yake yanaendelea vizuri, na kuna anayedaiwa dola 4,000 ambaye kila mwisho wa mwezi anakosa usingizi. Kinachomlemea mtu ni kile kipande cha kipato kinachoondoka kabla hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Hicho ndicho kinachoitwa mzigo wa marejesho: chukua rejesho la mwezi, ligawe kwa kipato cha mwezi huohuo, na asilimia utakayopata ndiyo uzito wenyewe.

Tuseme mkopo ni dola 30,000, riba ni asilimia 6 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni miaka 10. Rejesho la kila mwezi ni karibu dola 333. Anayepata dola 5,000 kwa mwezi inamtoka chini ya asilimia 7 ya kipato chake. Anayepata dola 2,500 inamtoka zaidi ya asilimia 13. Na aliyepoteza kazi jana? Rejesho lake bado ni dola 333.

Huo ndio utaratibu wa kawaida wa mikopo ya serikali ya Marekani: kiasi kilekile kila mwezi, kwa miaka 10 (kwa mikopo iliyochukuliwa kabla ya Julai 2026), kama mtu anayelipia nyumba aliyonunua kwa mkopo wa benki. Ipo pia mipango inayofuata kipato, lakini mkopaji ndiye anayepaswa kuiomba na kuthibitisha kipato chake mwaka hadi mwaka. Asiyelipa kwa siku 270 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Hapo sheria inairuhusu serikali kukata hadi asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya kisheria, bila kwenda mahakamani, na kuzuia kodi ya mapato anayostahili kurudishiwa pia. Hata kufilisika hakumwokoi kwa urahisi, kwa sababu mkopo wa masomo haufutwi kama madeni mengine. Lazima amthibitishie hakimu kwamba kulipa kutamtia katika dhiki iliyopita kiasi.

Mwaka 1989 Australia ilichukua njia nyingine. Mchumi Bruce Chapman alikuwa miongoni mwa walioibuni, na hoja yake ilikuwa rahisi. Kijana anapokopa ili asome, hajui kama atapata kazi, itakuwa ya mshahara gani, wala kama ataugua. Basi anayekopesha naye abebe sehemu ya hatari hiyo. Kikawekwa kiwango cha chini cha kipato. Ukiwa chini yake hulipi kitu, na hakuna anayekuita mdaiwa sugu. Ukikivuka, mamlaka ya kodi inakusanya rejesho kwa njia ileile inayokusanyia kodi ya mapato. Deni halina riba ya kawaida, ila hupandishwa kila mwaka kufuata kupanda kwa bei au mishahara.

Uingereza ilifuata mkondo huohuo. Kwa walioanza chuo England kuanzia mwaka 2023, makato ni asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata pauni 30,000 analipa pauni 450 kwa mwaka mzima, yaani asilimia moja na nusu ya kipato chake. Mzigo huo ni mwepesi, lakini utaendelea kwa muda mrefu: deni halifutwi hadi miaka 40 ipite. Aliyemaliza chuo akiwa na miaka 22 anaweza kukatwa hadi amepita sitini. Aliyepata kazi nono mapema anamaliza haraka na riba haimgusi sana, huku mwalimu au muuguzi akilipa polepole kwa miongo mingi, riba ikiongezeka kila mwaka. Ukiangalia mwezi mmoja tu, hutauona mzigo huo.

Sasa tazama Tanzania, kwa sababu hapa ndipo asilimia zinapoweza kumdanganya msomaji. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mnufaika aliyeajiriwa alikuwa akikatwa asilimia 8 ya mshahara. Marekebisho ya mwaka 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000, aliyekuwa akikatwa 48,000, akaanza kukatwa 90,000, wakiwemo waliokopa zamani wakijua ni asilimia 8. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, kwani watu walikuwa wanalipa na deni halipungui. Lakini asilimia 15 ilibaki.

Kwa mtazamo wa haraka, huu nao ni mfumo unaofuata kipato: mshahara ukiwa mdogo, makato nayo ni madogo. Tofauti iko mahali hesabu inapoanzia. Australia nayo iliweka kiwango cha asilimia 15 mwaka 2025, lakini kilianza kuhesabiwa juu ya dola za Australia 67,000 za kwanza ambazo hazikuguswa. Aliyepata dola 70,000 alilipa asilimia 15 ya zile 3,000 zilizozidi, yaani dola 450 kwa mwaka. Tanzania inakata kuanzia shilingi ya kwanza. Namba ni ileile, lakini kwa mmoja ni chini ya senti moja katika kila dola anayopata, na kwa mwingine ni karibu moja ya saba ya mshahara, juu ya kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Ukisoma mahali popote kwamba nchi fulani inakata asilimia kadhaa, uliza kwanza: asilimia ya nini, na kuanzia wapi?

Kenya ina ugumu wa namna yake. Riba ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya huko, ni asilimia 4, ambayo si kubwa ukilinganisha na benki. Kinachouma ni faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa. Kwa mhitimu anayetafuta kazi mwaka wa pili au wa tatu, faini hiyo inaweza kuzidi rejesho lenyewe, na deni linakua katika kipindi kilekile ambacho hana uwezo. Mfumo wa kufuata kipato ungemsubiri. Huu unamwadhibu kwa kukosa kazi, na sioni haki yake.

Lakini ni haki pia kueleza kwa nini nchi nyingi haziigi Australia kesho asubuhi. Ili ukate kufuata kipato, lazima ukijue kipato. Australia mamlaka ya kodi inaona karibu kila mshahara. Mahali ambapo wahitimu wengi wanajiajiri, wanafanya vibarua au biashara isiyo na hesabu za maandishi, bodi inamwona vizuri mtu mmoja tu: yule mwenye hati ya mshahara. Kwa hiyo mwajiriwa rasmi anakatwa kila mwezi bila kukosa, na wengine wanatafutwa kwa matangazo, faini na wadhamini. Mdhamini mara nyingi ni mzazi au ndugu. Japani nayo imelijua hili kwa muda mrefu: mkopaji akishindwa, deni linaweza kumfuata baba aliyestaafu au mjomba aliyeweka saini. Hapo mzigo umehamia familia nzima, na katika takwimu za kipato cha mhitimu hauonekani kabisa.

Na kusoma bila ada hakumaanishi kutokuwa na deni. Sweden vyuo havitozi ada raia wake, lakini vijana wengi hukopa serikalini ili waweze kuishi wakisoma. Ujerumani nusu ya msaada wa kawaida wa serikali ni ruzuku na nusu ni mkopo usio na riba, na mkopaji halipi zaidi ya yuro 10,010 hata kama alipewa zaidi.

Mwaka 2025 Australia ilifanya mambo mawili kwa pamoja, na kuyatenganisha kunasaidia kuielewa dhana hii. La kwanza lilikuwa kupunguza kila deni kwa asilimia 20. Ndilo lililoshangiliwa, lakini peke yake lisingebadilisha makato ya mwezi hata kidogo, kwa sababu makato yanafuata kipato, si ukubwa wa deni. Mtu angemaliza kulipa mapema zaidi, basi. La pili lilikuwa kupandisha kiwango cha chini kutoka dola 54,435 hadi 67,000 na kukata ile ziada tu. Zamani ukishavuka mpaka, asilimia ilihesabiwa kwenye kipato chote. Yule anayepata dola 70,000 alikuwa akilipa dola 1,750 kwa mwaka. Baada ya mabadiliko hayo akawa analipa zile 450.