Miche ya karafuu ni bure, maji anamwagia nani?

Wiki hii nimeulizwa tena pale soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na mtu mwenye kahawa yake nzuri tu kule Kibosho, "bwana shamba, hivi na mimi nikipanda karafuu si nitatoka?" Hili swali naulizwa sana tangu watu wasikie kwamba Zanzibar kilo ya karafuu daraja la kwanza iliwahi kufika shilingi 14,000, maana mtu anapiga hesabu ya kilo moja, anazidisha kwa gunia, anazidisha kwa eka, mwisho wa hesabu ameshajenga nyumba. Nimetoka Pemba juzijuzi kwahiyo ngoja niandike mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Kwa huku juu mlimani sahau. Mkarafuu unataka joto la pwani na mvua nyingi, baridi yetu ya Julai hauiwezi. Kama una hamu kweli nenda Muheza kule Usambara, au Morogoro upande wa Uluguru, kule wanalima na wanauza kwa bei ya soko, ikipanda unacheka ikishuka unanuna. Zanzibar ni habari nyingine, mnunuzi ni mmoja tu, shirika la serikali, ZSTC.

Sasa Pemba nilifikaje. Jirani yangu wa duka pale Mbuyuni ni Mpemba, anauza viungo vya pilau, sisi tunamwita Maalim tu ingawa hajawahi kufundisha darasa lolote. Wapemba mnawajua, hakuna mji wa bara usio na duka la Mpemba. Akaniambia mzee wake kijijini ana shamba, mikarafuu inazeeka, miche anapanda haishiki, twende ukaangalie, nauli juu yangu. Tukapanda basi mpaka Tanga, halafu boti. Kijiji chenyewe kiko ndani ndani huko wilaya ya Mkoani, vilima na mabonde, kijani mpaka macho yanauma, ndio maana Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani.

Mtu wa kahawa akiingia shamba lile kitu cha kwanza anachokiona ni umri. Mikarafuu mirefu kama mnara, mingine mita 10 na zaidi, imepandwa na babu yake mzee. Karafuu zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, Sultani Seyyid Said akazikazania zipandwe kila mahali, na mwanzo ilikuwa Unguja ndio yenye karafuu nyingi, mpaka kikaja kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na toka hapo ukisema karafuu umesema Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakachukuliwa na serikali watu wakagawiwa eka tatu tatu. Sasa eka tatu za wakati ule zina warithi wangapi leo? Hapo nilijiona niko Machame kabisa, ni kihamba kilekile, shamba la ukoo la Wachaga, baba kagawa, mtoto kagawa, mjukuu ana migomba saba na buni kumi.

Watu wengi wakiongelea karafuu wanaishia kwenye bei. Ni kweli kuna miaka mingi mkulima alilipwa kidogo mno, watu wakawa wanavusha magunia usiku kwa majahazi kwenda Kenya, magendo ya wazi, na wengine walishikwa. Mwaka 2011 serikali ikaamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na magendo yakapungua sana. Kwahiyo kama shida ingekuwa bei tu, lile shamba la mzee lingekuwa limejaa miche mipya.

Tatizo nililiona nilipoangalia nani anapanda juu ya mti. Karafuu inachumwa kabla haijachanua, tumba likianza kuwa jekundu-jekundu, ukichelewa siku chache inachanua, ukiiacha zaidi inakuwa mpeta, yaani tunda lenye mbegu, na haina bei. Mchumaji anapanda mpaka juu kabisa, tawi la mkarafuu linakatika kirahisi, na kila msimu watu wanaanguka, wengine wanafariki, ndio maana kuna utaratibu wa fidia kwa wanaoanguka. Anayeweza kazi hiyo ni kijana, mchumaji analipwa kwa pishi, na mzee hana kijana, kijana wake yuko Mbuyuni anapima bizari. Akishazishusha bado kuna kuchambua, usiku kucha akina mama na watoto wamekaa wanatenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi siku nne tano hivi, kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, na wingu likitanda nyumba nzima inakimbia kukunja. (Sijawahi kuona bi mkubwa wa umri ule akikimbia vile, aisee.) Tena mkarafuu una tabia zake, mwaka huu unabeba mpaka matawi yanainama, miaka inayofuata unakupa kiganja. Hela inakuja kwa mkupuo, watu wanaezeka bati, wanaoza watoto, halafu kinafuata kipindi kirefu cha kukopa dukani.

Haya, miche. Serikali inagawa bure, mzee alishachukua zaidi ya mara moja. Nyuma ya jiko amepanda michache, yote imeshika. Kule shambani kapanda mingi zaidi, nilihesabu mitatu hai. Udongo uleule, miche ileile! Maalim akaanza kuniuliza habari ya ugonjwa, na kweli mikarafuu ina historia ya kufa ghafla, Unguja na Pemba zilipoteza mingi sana huko nyuma, lakini hii haikuwa ugonjwa. Ya nyuma ya jiko iko chini ya migomba na bi mkubwa anaimwagia maji ya kuoshea vyombo. Ya shambani iko juani, na mkarafuu mchanga mizizi yake iko juu juu, kaskazi ikianza, kiangazi cha Desemba mpaka Machi, jua linaikausha kama majani ya chai. Buni changa inataka hivyohivyo, kivuli cha mgomba na maji, ila buni inakulipa mwaka wa tatu, mkarafuu unakusubirisha sita mpaka nane. Mzee ana miaka sabini na kitu. Aliniambia bila kununa, "mwanangu, hii siipandi kwa ajili yangu, na ninaowapandia hawapo."

Makonyo nayo yanauzwa kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi, Chake Chake, hela ya sabuni.

Nilichowashauri: wasichukue miche zaidi ya wanayoweza kuimwagia, wapande mgomba kwanza msimu mmoja kabla, mkarafuu uingie chini yake mvua za masika, na wakitaka kuotesha wenyewe waoteshe mpeta uleule wiki ileile walioukota maana mbegu yake haikai.

Maalim alinyamaza njia nzima mpaka Tanga. Tulivyofika Segera, basi limesimama watu wanakula, akampigia mpwa wake aliyebaki kijijini, kijana wa kidato cha nne aliyemaliza hana kazi. Hakumtajia mshahara. Alimwambia panda 40, na Machi mwishoni kaskazi ikiisha nakulipa kwa kila mmoja utakaokuwa hai, uliokufa hauna hela. Kijana akauliza na ile ya nyuma ya jiko inahesabika? Maalim akasema hiyo ni ya bibi yako, usiiguse.